Balbina Alivyogombana na Kitabu

"Mjinga mkubwa wewe!"

Sauti ilikuwa ya msichana, na ilitoka kwa nguvu hata wanawake waliokalia magunia ya mpunga wakageuka. Pantoni ilikuwa bado upande wa pili wa mto Kilombero, na huku kivukoni, upande wa Ulanga, watu walikuwa wamebanana: wachuuzi wa kambale wakavu, kina mama na kuku wao, lori lililotoka Mahenge limezimwa likingoja zamu, na kijana mmoja mrefu aliyebeba kichwa cha cherehani begani. Kijana huyo ndiye aliyesimama mbele ya msichana. Akatazama miguu yake kama amemkanyaga mtu.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Nani?"

"Mimi. Umeniita mjinga mbele za watu."

Msichana akainua uso. Alikuwa na miaka kumi na minane, macho makubwa, na paji la uso lililokunjamana kwa hasira. Alivaa gauni la maua madogo mekundu, kola nyeupe, alilojishonea mwenyewe kwa mkono. Magotini mwake palikuwa na kitabu chembamba kilichokwisha kupoteza jalada.

"Si wewe," alisema. "Ni huyu." Akagonga ukurasa kwa kidole.

"Huyu nani?"

"Bwana mmoja humu ndani. Ana kifua kikuu. Anampenda binti, na binti anampenda. Badala ya kumwambia, anadanganya kwamba amepata mchumba mwingine, halafu anakwenda zake milimani kufa peke yake. Binti anakuja kulia kaburini na maua mkononi. Basi, kimekwisha! Wenzangu wote shuleni walililia ukurasa huu. Tazama, karatasi imejikunja kwa machozi."

"Na wewe hukulia?"

"Mimi natamani afufuke nimzabe kofi."

Kijana alicheka hata cherehani ikayumba begani.

"Angalia, fundi, utaumwaga ugali wako mtoni," msichana akasema.

"Haumwagiki. Lakini kwa kuwa umenitambua kuwa fundi, niruhusu nikuambie jambo. Pindo la gauni lako limekwenda Mahenge na bado halijarudi."

Wanawake wa mpunga wakaangua kicheko. Balbina, maana ndilo jina lake, akatazama pindo, akaona kweli limepanda upande mmoja, akataka kukasirika, akashindwa. Hata pantoni ilipogusa ukingo walikuwa wameshajuana majina. Yeye ni binti wa Mwalimu Fulgensi, katekista, nyumba yao iko Mlabani. Kijana anaitwa Wendelin, ametoka Mahenge kujifunza ushonaji, na sasa anakuja Ifakara kushonea barazani kwenye duka la Mhindi mmoja.

"Niazime hicho kitabu," Wendelin alisema wakati wa kushuka. "Nikisoma nitakwambia nani mjinga."

"Ukikirarua?"

"Nitakishona."

Mtu anayejibu hivyo ananyimwaje kitabu?

Baada ya wiki Balbina alipita barazani, akadai amekuja kufuata kitabu chake. Alikuwa amejifunga khanga mpya na kujipaka mafuta ya nazi hata uso unang'aa, kwa hiyo mimi na wewe tuachane na habari ya kufuata kitabu. Wendelin alikuwa anakanyaga cherehani, shati jeupe limekunjwa mikono, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, fundi."

"Milele, amina. Karibu, hakimu."

"Umesoma?"

"Nimesoma. Na nimelia."

"Wewe! Mwanamume mzima!"

"Nimelia pale aliposema uongo. Balbina, yule bwana ni shujaa. Alipenda hata akakubali kuchukiwa na mpenzi wake, mradi mwenzake apone."

"Apone nini, yeye alikuwa mzima?"

"Asiambukizwe huzuni."

"Huzuni si aliipata vilevile! Wendelin, nimekisoma kitabu hiki kuanzia mwanzo hadi mwisho nikitafuta kitu kimoja tu. Nimetafuta mahali ambapo mtu yeyote, mama yake, padri, daktari, au huyo shujaa wako, anamwuliza yule binti: wewe unataka nini? Hakuna. Kila mtu anamwonea huruma, hakuna anayemwuliza. Huo si upendo, huo ni ubwana."

Wendelin aliacha kukanyaga. Alimtazama msichana huyu aliyesimama juani na kidole hewani kama anayehubiri, na papo hapo akajua kwamba akimkosa huyu atakuwa amekosa mambo mengi.

"Basi nakuuliza mimi," alisema taratibu. "Wewe unataka nini?"

Kidole kilishuka. "Nataka unirekebishie pindo," Balbina alijibu, na sauti yake ilikuwa imepungua nguvu kidogo.

Pindo lilirekebishwa. Likaja shati la baba kubadilishwa kola, ikaja sketi ya Digna, rafiki yake, ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Mji mzima wa Ifakara ukajua, na Mwalimu Fulgensi akajua mwisho, kama ilivyo kawaida ya kina baba. Alinguruma siku kadhaa. Alipeleka watu Mahenge kuulizia ukoo. Jibu lilirudi kwamba ni watu wa sala na wa jembe, hawana ugomvi na mtu, naye akashindwa kupata la kukataa. Posa ikapokelewa, mahari ikatolewa, na ikakubaliwa kwamba Pasaka ikipita majina yasomwe kanisani.

Kwa Wakatoliki wa bonde lile, hapo ndipo mapenzi yanapotoka barazani na kuwa mali ya watu wote. Dominika tatu Padri husoma majina ya wachumba kutoka mimbarini, na kila mara huwaambia waumini: mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii, aseme. Majina yakisomwa mara tatu pasipo kizuizi, mnafunga ndoa. Yakikatizwa katikati, ni afadhali msichana angekuwa hajaposwa kabisa.

Dominika ya kwanza yalisomwa. Digna alimfinya Balbina pajani hata akatoa sauti.

Katikati ya wiki Balbina akaenda kulijaribu gauni la harusi. Poplini nyeupe, mikono mirefu, shingo ya kufunga, maana mama yake, Apolonia, hakutaka masihara. Wendelin alikuwa analipiga pasi ya mkaa, anaongea huku anacheka.

"Kiuno nimekiacha wazi kidogo. Nasikia mabibi harusi hunenepa."

"Nani kakwambia?"

"Mama yako."

"Muongo! Mama yangu hawezi... Wendelin! Mkono!"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea ubavu wa pasi. Harufu ya ngozi ilikuwa imeshafika puani kwa Balbina kabla mwenye mkono hajajua chochote. Akauondoa, akautazama. Ngozi ilikuwa imeungua na kuvimba, na uso wake haukuonyesha maumivu yoyote.

"Mkono wa fundi ni sugu," alisema.

Alijaribu kucheka. Balbina alimfunga kwa kitambaa, akamgombeza kwa kutokuwa mwangalifu, akaenda nyumbani akiwa na wasiwasi ambao hakuweza kuupa jina.

Dominika ya pili majina yalisomwa. Wendelin alikaa upande wa wanaume, nyuma kabisa, na hakugeuka kumtazama. Siku mbili baadaye alimwita pembeni ya duka. Shati lake lilifungwa vifungo hadi mikononi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Balbina, nina neno. Usinikatize."

"Sema."

"Nina mchumba mwingine, kule Masagati. Tulikuwa tumeachana, sasa tumepatana. Nitakwenda kwake. Mahari wasinirudishie. Unisahau, uolewe na mtu wa maana."

"Unafanya mzaha."

"Sifanyi mzaha. Sikupendi tena."

Aliyasema haya akiitazama ngazi ya duka. Balbina akatembea hadi nyumbani bila kumwitikia mtu salamu. Alilia. Alilia sana, tusimfichie. Digna alikuja na kumpapasa mgongo.

"Wanaume ndivyo walivyo, shoga. Bora umemjua mapema."

"Nimpate huyo mwanamke wa Masagati," Balbina alisema katikati ya kwikwi, "nimng'oe nywele."

Kesho yake asubuhi alikuwa uani anatwanga mpunga na mama yake, macho yamevimba, anaushusha mchi kwa hasira. Masagati, alikuwa anawaza. Masagati iko mbali, kupita Mlimba huko. Wendelin ametoka Mahenge moja kwa moja hadi kivukoni na cherehani yake. Mlimba kwenyewe hajafika, huyo mchumba alimpata ndotoni? Na mbona amesema "uolewe na mtu wa maana"? Mwanamume aliyepata mwingine ana haja gani ya kunichagulia mimi mume?

Akaukumbuka ule mkono kwenye pasi. Hapo alielewa yote kwa mpigo, maana katika bonde lile hata mtoto anajua ni ugonjwa gani unaokula maumivu ya mkono. Akaelewa na jambo jingine, ambalo lilimchoma zaidi. Yule mpumbavu wake alikuwa amesoma kitabu akakifanya katekisimu.

Aliuacha mchi ndani ya kinu.

"Wewe unakwenda wapi?" mama yake akaita.

"Nakwenda kugombana, Mama!"

Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa. Mwenye duka alisema fundi hajaja kazini, labda yuko mtoni Lumemo. Na kweli alikuwa kule, amekaa kwenye nyasi juu ya ukingo, maji ya masika yakipita mbele yake mekundu na mazito. Alipomwona Balbina akasimama kutaka kuondoka.

"Kaa chini!"

Akakaa.

"Kunja mkono wa shati."

"Balbina, nilikwambia..."

"Kunja, au niukunje mimi."

Alikunja. Juu ya kiwiko palikuwa na baka pana, rangi yake imefifia, kavu. Balbina alilitazama.

"Hospitali wamesemaje?"

"Ni ukoma." Lilikuwa neno dogo kwa namna alivyolitamka. "Wanasema ndio kwanza umeanza. Kuna dawa, vidonge, nitameza kwa miaka. Daktari anasema inapona, na kazi nitafanya, ila niangalie moto na sindano. Lakini watu hawasikilizi daktari, Balbina. Unawajua watu. Mama yako atanyimwa kata ya maji kisimani. Baba yako ni katekista, nani atampelekea mtoto amfundishe? Wewe utaitwa mke wa mkoma mpaka kufa. Ndiyo maana nilisema vile. Nimekuokoa."

"Nani alikuomba?"

"Hukuhitaji kuomba."

"Ndivyo alivyofikiri yule mjinga wa kifua kikuu! Nilikuazima kitabu ulione kosa lake, wewe umekwenda kulinakili! Umenifanya nilie kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo. Nilipanga hadi kumng'oa nywele!"

Wendelin alitaka kutabasamu, machozi yakamtangulia. Alijificha uso kwa mkono mzima, mabega yakatetemeka. Balbina akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Nisikilize, mpenzi wangu," alisema, na sasa hakupiga kelele. "Naogopa. Usidhani siogopi. Lakini hofu yangu ni yangu, sikukupa unibebee. Ungeniambia, huenda ningekimbia. Huenda. Lakini ningekimbia kwa miguu yangu."

"Na hukukimbia."

"Unaniona wapi?"

Wendelin akasema kwa unyonge, "Nimeshakwenda kwa Padri. Nimemwomba asitusome Dominika hii. Nimemwambia nimebadili nia. Sikumwambia sababu."

"Rudi ukamwambie umeibadili tena."

"Siwezi, Balbina. Nipige, nitukane, lakini sitakutia katika moto huu."

Balbina alisimama, akakung'uta nyasi kwenye khanga.

"Basi Dominika mimi nitasimama kanisani. Ugonjwa wako sitautaja, hata nikikatwa kichwa. Hiyo ni siri yako. Ila sitakaa kimya nionekane nimeachwa. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, na mimi nitajua nilipenda mtu wa namna gani."

"Mwanamke hasimami kusema katika Misa!"

"Ataanza mmoja."

Jumamosi habari zilimfikia Mwalimu Fulgensi kutoka kwa Padri mwenyewe. Alirudi nyumbani uso umemsawijika. Alitaka mahari irudishwe kabla jua halijazama, na binti asitoke nje. Balbina alimwacha amalize, akamletea maji ya kunywa, akapiga goti.

"Baba, nina swali la dini. Vizuizi vya ndoa ni vipi?"

Mwalimu ni mwalimu hata akiwa na hasira. Akavitaja kwa mpangilio, kama anavyowafundisha wachumba kila mwaka: undugu wa damu, ndoa nyingine iliyo hai, nadhiri, na vilivyobaki, hadi mwisho.

"Ni hivyo tu, Baba?"

"Hivyo tu. Kwa nini unauliza?"

"Nataka kuwa na uhakika."

Dominika kanisa lilijaa. Wanawake kushoto, vichwa vimefunikwa, wanaume kulia. Balbina alivaa lile gauni lake la maua mekundu, pindo limenyooka. Wendelin alikuwa nyuma karibu na mlango, na mikono ya shati imefungwa vifungo. Padri, mwenye ndevu zinazofika kifuani, alihubiri kwa Kiswahili chake cha kizungu, kisha akafungua karatasi ya matangazo. Akasoma wachumba wa Kibaoni. Akasoma wachumba wengine wawili. Akakunja karatasi.

"Padri, umeruka majina yetu."

Kanisa lote liligeuka. Balbina alikuwa amesimama. Digna alimvuta gauni kwa chini, Balbina akaukung'uta mkono wake.

"Binti," Padri alisema, "hapa si mahali pake. Mwenzako mwenyewe ameomba."

"Mimi sijaomba, Padri. Ndoa ni ya watu wawili. Mmoja akiomba na mwingine hajaulizwa, hilo ni ombi la nani?"

Minong'ono ilipita kwenye mabenchi. Wazee walitikisa vichwa. Mwalimu Fulgensi, aliyekaa mbele, alifumba macho. Padri alitazama nyuma, kuelekea mlangoni, na watu wote wakafuata macho yake.

Wendelin alikuwa ameinama. Balbina hakugeuka. Alikuwa ameahidi kutosema, na hakusema, ingawa neno moja lingemtoa katika aibu ile. Alisubiri tu, akijua kwamba mlango uko nyuma ya kijana na hakuna wa kumzuia.

Benchi likalia. Wendelin alisimama.

"Nilisema uongo, Padri," alisema. "Sina mwingine. Nampenda huyu." Akafungua kifungo, akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akauinua watu wauone. "Nina ukoma. Nimeanza dawa wiki hii. Niliogopa kumwingiza katika aibu yangu."

Mwanamume aliyekaa karibu naye akasogea. Aliyefuata akasogea. Muda si muda benchi lile zima lilibaki na mtu mmoja, amesimama na mkono juu. Mahali fulani upande wa wanawake sauti ikasema, "Ukoma! Hicho si kizuizi hicho?" na nyingine zikaitikia.

Balbina alitoka kwenye nafasi yake. Alipita mbele ya magoti ya wanawake, akaingia njia ya katikati, akavuka upande wa wanaume, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya pale, akaenda hadi benchi la nyuma. Akakaa. Akamshika Wendelin ule mkono, akamvuta naye akakaa.

"Watu wanakuona," Wendelin alinong'ona.

"Nimekuja ili wanione."

Padri alishika kingo za mimbari. Labda alikuwa na la kusema. Lakini kabla hajasema, Mwalimu Fulgensi alisimama kule mbele, taratibu, kama mtu aliyebeba mzigo. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Katika uso ule mlikuwa na hasira, na hofu ya baba, na jambo jingine ambalo Balbina hakuwahi kuliona.

"Vizuizi vya ndoa nimevifundisha katika parokia hii tangu nikiwa kijana," alisema. "Nimewafundisha nyinyi nyote mliomo humu. Ugonjwa haumo."

Akakaa. Mama Apolonia alikuwa analia waziwazi, khanga mdomoni.

Padri akaikunjua tena karatasi.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisoma, "wanaotaka kufunga ndoa ni Wendelin wa Mahenge, na Balbina, binti wa Fulgensi, wa Mlabani. Mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii, aseme sasa."

Balbina aliinua kichwa. Akawatazama benchi kwa benchi, wanaume kwa wanawake, mmoja mmoja, mkono wa mchumba wake ukiwa ndani ya mkono wake mbele ya wote. Na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.